Shangazi, mume wangu anasema yeye si yeye

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia nikiwa nimejifungia stoo, sitaki watoto wanione nalia. Nina miaka 38, mume wangu 44, Mungu ametujalia watoto watatu. Yeye ni mhasibu wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, mimi nina duka la vitambaa hapa Tabata. Si matajiri, ila hatudaiwi na mtu.

Mwaka juzi alimsindikiza baba yake India, mji wa Chennai, kwa matibabu ya moyo. Walikaa wiki saba. Mzee hakurudi akiwa hai. Siku zile za kusubiri, jamaa mmoja waliyefikia naye nyumba moja ya wageni alimpeleka kwa basi hadi mji unaoitwa Tiruvannamalai. Huko kuna mlima, na chini ya mlima kuna ashramu, yaani makao ya kiroho, ya mtakatifu wao wa zamani, Ramana Maharshi. Alikaa huko siku mbili tu. Shangazi, hizo siku mbili zimenimalizia miaka miwili.

Tangu arudi anaamka saa kumi usiku, anakaa kwenye kochi la sebuleni, kimya, mpaka kunakucha. Nikimuuliza unafanya nini, ananijibu, "Namtafuta huyo unayemuuliza." Ukimwita kwa jina anatabasamu kama mtu aliyesikia utani wa zamani. Anasema yeye si mwili huu, si jina hili, si mhasibu, si mume wa mtu. Hilo la mwisho ndilo lililoniuma. Michango ya harusi hatoi tena. Mtoto wetu mkubwa alipochaguliwa kwenda kidato cha tano nilipiga vigelegele, yeye akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba furaha hiyo ni ya kupita. Eti furaha ya kweli iko ndani yetu, na kila mtu huionja usiku akilala fofofo, bila mke, bila watoto, bila hela. Nikakosa la kusema. Usiku ule sikupata lepe la usingizi, kwa hiyo hata hiyo furaha yake sikuionja.

Mwezi uliopita kaja na jipya. Tuuze kiwanja cha Kibaha, sehemu iwe ada ya watoto, sehemu iwe nauli na matumizi yake, aende akakae kule mlimani "mpaka atakapojua". Lini atarudi, hasemi.

Hanipigi, halewi, hana mwanamke (nimechunguza, nisamehe). Dini hajabadili, Jumapili tunakwenda wote kanisani na anaimba kama zamani. Dada yangu anasema karogwa. Mama mchungaji anataka tufunge siku tatu. Lakini nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Kuna asubuhi namtazama pale kwenye kochi, uso umetulia kama maji ya mtungi, na ninamwonea wivu.

Haya kweli ni mafundisho ya Wahindu, au kayatunga? Na kama ni ya kweli, furaha yangu mimi, ya duka na watoto, ni ya uongo?

Mke wa Mtu, Tabata

Marahaba, mwanangu. Toka kwanza huko stoo, na joto lenyewe hili.

Najua wapo watakaoguna kwamba Shangazi mvaa buibui ameingiliaje mambo ya Kihindu. Nimekulia Tanga, ukuta kwa ukuta na familia ya Mabaniani. Sisi watu wa pwani tunayo methali yetu, Baniani mbaya kiatu chake dawa, na nionavyo mimi imetuponza, kwa sababu tumekaa nao karne nzima tukikijua kiatu tu. Bibi wa nyumba ile ndiye aliyenifundisha hesabu za duka, na jioni akichambua mchele alinisimulia visa vya vitabu vyao. Ukubwani nimevisoma mwenyewe. Nikakuta hakuwa ameongeza chumvi, isipokuwa kwenye kisa kile ambacho chumvi ndiyo kisa chenyewe: baba anamwambia mwanawe atie chumvi kwenye maji usiku, asubuhi amwoneshe chumvi iko wapi. Haionekani, ila kila pembe ya chombo ukionja, ipo.

Mumeo hakutunga, na hajarogwa. Huyo Ramana alizaliwa mwaka 1879 kusini mwa India. Julai 1896, akiwa kijana wa miaka 16 anaishi kwa baba yake mdogo mjini Madurai, alishikwa ghafla na hofu ya kufa, na wala hakuwa mgonjwa. Mwingine angepiga kelele. Yeye alijilaza chini, akanyoosha viungo kama maiti, akafunga mdomo, akajiuliza: haya, mwili umekufa, unapelekwa kuchomwa, je, na mimi nimekufa? Akaona kwamba yule anayesema "mimi" bado yupo, anaangalia. Wiki chache baadaye akatoroka, akafika Tiruvannamalai tarehe 1 Septemba, na hakuondoka tena mpaka alipofariki Aprili 1950. Watu walimfuata kwa maelfu. Alichowaambia wengi wao ni swali moja tu: mimi ni nani?

Hapa kuna neno linalotuponza sisi Waswahili. Ukisikia mtu anatafuta kuijua nafsi, unadhani ni nafsi hii tunayoambiwa kila siku tushindane nayo, ile inayotaka cha jirani. Wao hiyo hawaiiti Atma. Hiyo wanaiita ahamkara, na kwa Kiswahili tunalo neno lake tayari: umimi. Umimi ndio unaosema mimi mhasibu, mimi mwenye kiwanja, mimi nimedharauliwa kwenye kikao cha harusi. Atma ni yule anayeuona huo umimi ukija na ukiondoka. Mfuasi wa njia hii hatakiwi kuuchapa umimi viboko. Anatakiwa kila ukisema "mimi", ageuke autazame unatokea wapi. Ndiyo hilo jibu la ajabu alilokupa, "Namtafuta huyo unayemuuliza." Limekaa kama jeuri, lakini si jeuri. Ni zoezi, ingawa angeweza kukwambia hivyo akakuondolea maudhi.

Sasa hilo la usingizi. Nalo ni la mwalimu wake kweli. Anasema kila kiumbe kinataka furaha isiyo na chembe ya huzuni, na kila mtu hujipenda mwenyewe kuliko kitu chochote, na hakipendwi kitu ila kina furaha ndani yake, basi furaha lazima iwe ni asili yetu sisi wenyewe. Ushahidi ni usingizi mzito: hamna mali, hamna sifa, hamna hata ndoto, na bado asubuhi unaamka unasema nimelala raha. Kuhusu furaha za mchana, walimu wao hueleza hivi. Ulipotaka mwanao achaguliwe, moyo ulikuwa juu juu. Majina yalipotoka, ule utakaji ukanyamaza kwa muda. Moyo ukatulia, na furaha iliyokuwamo humo siku zote ikapata upenyo. Wewe ukadhani imeletwa na orodha ya majina. Wana mfano wa mbwa anayetafuna mfupa mkavu: unamchoma fizi, damu inatoka, naye anaufyonza mfupa akidhani ni mtamu, kumbe utamu ni wa damu yake mwenyewe.

Mfano mzuri, ila nisingemwambia mwanamke anayepiga vigelegele.

Na hapa nataka mumeo asome zaidi ya pale alipoishia. Katika Chandogya Upanishad, kimoja cha vitabu vyao vitakatifu vya kale, Indra, mkubwa wa miungu, na Virochana, mkubwa wa mashetani, wanakwenda pamoja kwa Prajapati, bwana wa viumbe wote, wafundishwe Atma ni nini. Wanatumikia miaka 32. Anawaambia wajitazame kwenye beseni la maji, hao mnaowaona ndio Atma. Virochana anaondoka ameridhika, anakwenda kuwafundisha wenzake kuupamba mwili. Indra anafika nusu ya njia, shaka inamrudisha. Anakaa miaka mingine 32, anafundishwa kuwa Atma ni yule wa ndotoni. Anarudi tena na shaka, miaka 32 mingine. Safari hii anaambiwa ni yule wa usingizi mzito. Na Indra huyo huyo anarudi kulalamika: mtu wa usingizi mzito hajijui hata yeye ni nani, ni kama amepotea kabisa, faida yake sioni. Prajapati hakumkemea. Alimwambia kaa mitano tena.

Mumeo ni mhasibu, akupigie: 32 mara tatu, jumlisha tano. Miaka 101. Kama anakwenda "mpaka atakapojua", hela ya Kibaha haitoshi.

Natania, lakini si sana. Mwenye haraka ya kuridhika katika kisa kile ni Virochana. Anayejua ni yule aliyekubali kurudishwa na shaka yake. Mtu aliyekaa ashramuni siku mbili akarudi anamtangazia mkewe kwamba yeye si mume, mimi napata wasiwasi kwamba umimi wake haujatoka, umebadili shati tu. Jana ulikuwa umimi wa mhasibu, leo ni umimi wa mtu asiye mhasibu. Huu wa pili ni mgumu zaidi kuushika, kwa sababu unaongea kwa upole.

Swali lako la furaha ya uongo lina kisa chake, na ndicho nikipendacho na kuniudhi kwa wakati mmoja. Katika Brihadaranyaka Upanishad kuna mwanazuoni Yajnavalkya, ana wake wawili, Maitreyi na Katyayani. Siku moja anamwambia Maitreyi: naondoka nyumbani, njoo niwagawie mali wewe na mwenzio. Unaona, mumeo si wa kwanza. Maitreyi anamuuliza: nikipewa dunia yote imejaa mali, itanivusha kifo? Anajibiwa hapana, utaishi tu kama wenye nazo wanavyoishi. Basi, anasema, ya nini, nifundishe hicho unachokijua. Ndipo anamwambia maneno ambayo Wahindu wanayarudia hadi leo: mume hapendwi kwa sababu ya mume, mke hapendwi kwa sababu ya mke, watoto hawapendwi kwa sababu ya watoto. Wote wanapendwa kwa sababu ya Atma.

Ukiyasikia haraka unadhani anasema kila mtu anajipenda mwenyewe tu, hakuna upendo duniani. Sivyo wanavyoyafafanua. Kile kilichomo ndani yako kikisema "mimi" ndicho kilichomo ndani ya mwanao, kama ile chumvi. Ukimpenda mtoto kinajitambua kidogo kupitia kwake. Kwa hiyo furaha yako ya siku ile ilikuwa ya kweli, mwanangu. Ilitoka kisimani hasa. Kilichokosewa, kwa mafundisho hayo, ni anwani tu: wewe umeiandikia kidato cha tano. Mtoto akifeli mwakani utadhani kisima kimekauka, na hapo ndipo huzuni inapopata mlango. Lakini kukosea anwani hakuifanyi barua kuwa ya kughushi. Kama mumeo alitaka kukufundisha, angepiga vigelegele kwanza, akafundisha baadaye.

Kinachoniudhi ni huyu mwingine, Katyayani. Kitabu kinasema yeye alijua mambo ya wanawake tu, kikampita. Hakuna aliyemuuliza kitu. Maitreyi kapata hekima, bwana kapata safari, na mtu mmoja kabaki na nyumba, mifugo na wageni wa kesho. Bibi wa Tanga nilipomuuliza Katyayani alisemaje, alicheka mpaka mchele ukamwagika. "Alikuwa jikoni," akasema, "ndiyo maana mwanazuoni alikuwa ameshiba akaweza kufikiri." Yeye mwenyewe, nikwambie, hakuwa mtu wa "mimi ni nani". Wahindu hawana kanisa moja. Shankara, mwalimu wao wa karne ya nane, ndiye mwenye kusema Atma na Mungu ni kitu kimoja, na Ramana yuko upande huo. Ramanuja, mwalimu mwingine, akaja baadaye akapinga: roho ni roho, Mungu ni Mungu, na furaha ni kumpenda, si kuyeyuka ndani yake. Bibi alikuwa wa mungu Krishna na nyimbo zake. Ukimuuliza yeye ni nani angekujibu, mimi ni mtumishi wa Krishna, na wewe ni mtoto usiyenawa mikono.

Turudi kwenye kiwanja. Mumeo atakuletea hoja kwamba hata Ramana aliondoka kwao. Ni kweli. Kaka yake alimwagiza achukue rupia tano za ada ya chuo. Alichukua tatu za nauli, akaacha mbili pamoja na kikaratasi kwamba ada haijalipwa. Alikuwa na miaka 16, hana mke, hana mtoto. Na ni kweli mama yake alikwenda kumlilia arudi, akakataa. Lakini kisa hakiishii hapo. Mwaka 1916 mama yule alihamia kwake moja kwa moja, akaishi naye mpaka alipokufa mwaka 1922, mwanawe akiwa pembeni yake amemwekea mikono. Ashramu aliyoiona mumeo imejengwa kuzunguka kaburi la mama huyo. Walipokuja wenye kazi na familia kumuuliza kama waache vyote, kwa kawaida aliwakatalia: ukiwa nyumbani unawaza "mimi mwenye nyumba", ukienda msituni utawaza "mimi mwenye msitu", na anayewaza ni yule yule. Hata Arjuna, yule mpiganaji wa kitabu chao kingine kiitwacho Gita, alipotaka kuacha majukumu yake akaishi kwa kuombaomba, Krishna hakumruhusu.

Na hili naomba ulitumie. Maharshi naye aliamka usiku wa manane kama mumeo. Kwa miaka mingi saa hizo aliingia jikoni, akakaa na wapishi, akakata mboga za ashramu nzima. Kwako kuna viazi vya watoto watatu. Saa kumi ikifika, sufuria na kisu viwe mezani, bila hotuba. Swali la "mimi ni nani" halizuiwi na maganda ya viazi. Akikasirika, naye atakuwa amejifunza kitu kuhusu nani anayekasirika.

Lakini nimeacha jambo kubwa nyuma kwa makusudi. Rudi usome barua yako. Kiwanja umekipa mistari, kochi umelipa mistari, hata mama mchungaji. Baba mkwe wako umempa maneno manne: mzee hakurudi akiwa hai. Mumeo alikaa wiki saba kando ya kitanda, nchi ya ugeni, akifanya hesabu za hospitali, kisha akarudi na sanduku. Akapokewa na msiba wa watu, akakaa kwenye jamvi, akajibu simu, na tangu hapo naona kama hakuna aliyemuuliza kitu. Ramana naye alifiwa na baba akiwa na miaka 12, minne kabla ya hofu ile. Sisemi mumeo anadanganya kuhusu Atma. Nasema mtu hajiulizi "nani anayekufa" kwa sababu ya basi la utalii. Huenda anataka kurudi India kwa sababu huko ndiko alikomwacha mzee, na pale mlimani ndipo yeye mumeo alipopata utulivu mara ya mwisho kabla ya msiba.

Kwa hiyo usimuulize tena unafanya nini pale kwenye kochi. Muulize kuhusu safari ya kurudi. Alikaa kiti gani, alikula nini, alisaini karatasi ngapi, nani alimpokea uwanja wa ndege. Usimkatize. Ikiwa usiku mmoja hautoshi, iwe mingi.

Kiwanja kisiuzwe mwaka huu, hilo mwambie wazi na bila kelele. Likizo ya kazini akipata, aende wiki mbili tatu kwa akiba ya kawaida, tiketi ya kurudi ikiwa mkononi, na mkiweza nendeni wote. Ila nikuonye: akianza kukataa chakula, kukosa usingizi kabisa, kugawa vitu vyake ovyo, au akianza kuongelea kufa kana kwamba ni nyumbani, hayo si ya ashramu tena, mpeleke kwa daktari wa afya ya akili siku hiyo hiyo. Kufunga na mama mchungaji funga kama moyo unataka, lakini isiwe kumfungia yeye kama mwenye pepo. Mambo ya imani yako kaulizane na mchungaji wako. Mimi swala tano zinanitosha, na Ramana mwenyewe hakumdai mtu abadili dini.

Wivu wako je? Huo nimeupenda kuliko yote uliyoandika. Usiukemee. Mtu haonei wivu kitu asichokihitaji. Dada wa duka akishafagia na kabla mteja wa kwanza hajaingia, funga pazia dakika kumi, kaa juu ya majora yako ya vitenge, usiombe, usipige hesabu. Ukisikia "mimi nimechoka", "mimi nimeachwa", tazama tu sauti hiyo inatokea wapi. Usimwambie mumeo.

Niandikie baada ya mwezi, uniambie viazi vilimenywa au havikumenywa.

Shangazi